Molasi ya Ng'ombe

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, sukari ilipopotea madukani Kampala, nyumbani kwetu Kisugu aliyekula kitamu alikuwa ng'ombe peke yake. Daktari wa mifugo alinifundisha kuyeyusha urea kidogo, ile mbolea nyeupe ya chengachenga, katika maji na molasi nyingi, ule uji mweusi mtamu unaobaki miwa ikishatolewa sukari, kisha kuzinyunyizia nyasi kavu ili maziwa yaongezeke. "Bila molasi," alinionya, "urea haimjengi ng'ombe, inamuua."

Maziwa yakaongezeka kweli. Lakini molasi nayo ikawa inapungua upesi kuliko nyasi. Nikamshuku jirani, nikawashuku hata panya.

Asubuhi moja nikamkuta mume wangu zizini, amevaa sare kamili ya polisi, kikombe cha chai mkononi, anachota molasi kwa kijiko. Mtu ambaye mtaa mzima ulinyamaza akipita! Ng'ombe alikuwa akimtazama tu.

"Afande," nikamwambia, "nikuletee na nyasi?"

Akajaribu kukunja uso, ila masharubu yalikuwa yamenata. Tukacheka mpaka chai ikapoa. Tangu hapo nilimpa kijiko kimoja kila asubuhi, ng'ombe akishapata fungu lake.