Ukuta wa Sahani

Kuna watu hawawezi kupita mbele ya ukuta mchafu wakanyamaza, na Bi Khamisa binti Hashil alikuwa mmoja wao. Maradhi hayo aliyaanza utotoni, Malindi ya Unguja, akichora kwa mkaa kwenye kuta za watu na kuchapwa kwa sababu hiyo. Wazee wake walipohamia Oman alikuja nayo, na akayageuza kazi: alisomesha uchoraji skuli ya wasichana hapa Ibra mpaka akastaafu. Mumewe alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na nyumbani alibaki na binti yake mdogo tu, Alyaa, anayefanya kazi benki. Sasa mwanamke ana nguvu zake, hana wa kumsomesha, na dirisha la jiko lake linatazamana na ukuta wa bustani ya mtaa. Mlidhani atakaa kimya?

Bustani yenyewe haina kosa. Ina mikunazi, ina mwarobaini wa kivuli kipana, ina pembea za watoto, na kila asubuhi watu wa baladiya, yaani manispaa, hupita wakafagia na kumwagia maji. Waharibifu ni wenye mtaa. Jioni wanashusha majiko yao ya mishkaki, wanakula, wanasema mashallah, bustani yetu nzuri, halafu wanamwaga mkaa juu ya majani na kwenda zao. Vijana nao walikuwa wameandika majina ya timu zao za mpira ukuta mzima. Bi Khamisa alisema mpaka koo likamkauka. Kila aliyemwambia alimjibu, "Kweli, Bi Khamisa, watu wa hapa hawana adabu," kana kwamba watu wa hapa ni kabila jingine.

Ndipo alipokumbuka msikiti mmoja wa kale upande wa Nizwa, aliopata kuwapeleka wanafunzi wake. Kwenye mihrabu yake mafundi wa zamani walipachika mabakuli ya kauri ndani ya plasta. Na kule pwani tulikotoka, makaburi ya wakubwa yalipachikwa sahani vilevile. Watu wa huku na wa kule, bahari nzima katikati, wote walipamba kwa vyombo vya kulia. Basi kila nyumba ilete sahani moja, kila mwanamke aipachike kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu hatupi taka mbele ya sahani yake.

Baladiya walikubali. Kijana aliyeshughulikia jambo hilo, Humaid, alikuwa na adabu na maneno machache. Alimwambia kwa Kiarabu kwamba ukuta ni wa watu wote, hivyo wenye mtaa wakiridhika nao utabaki, lakini wakija kugombana juu yake, utapigwa plasta na kupakwa rangi nyeupe kama ulivyokuwa. Bi Khamisa alicheka. Wagombane kwa ajili ya sahani?

Alikuwa amesahau jambo moja, na kulisahau kwake hata leo nashindwa kumsamehe, maana alilijua tangu hajaota meno. Mtaa ule nyumba nyingi ni za watu waliotoka Unguja na Pemba. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, sahani hupishana milangoni: kaimati zinakwenda, sambusa zinakuja, katlesi zinakwenda, tambi zinakuja. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu, hiyo ni aibu. Unaiweka mpaka upike kitu cha maana. Leo hukupika, kesho una wageni, keshokutwa ni Idi, na sahani imekaa kabatini mpaka watoto wako wanaijua kuwa ni ya kwao. Kwa hivyo kila mwanamke hutia alama chini ya vyombo vyake, nukta ya rangi ya kucha au herufi, ili siku moja avitambue. Sasa waambie wanawake hao walete sahani wasiyoihitaji sana. Nani atavunja seti yake? Wote waliingiza mkono nyuma ya kabati, na nyuma ya kabati ndiko zinakokaa za wenyewe.

Siku ya kupachika ilikuwa Ijumaa asubuhi, hewa ya baridi, watu wamejaa. Fundi alitandaza saruji, Bi Khamisa alipokea sahani, akaipaka mgongo, akamkabidhi mwenyewe aibandike. Ikafika zamu ya Turkiya. Huyu Turkiya ni jirani wa mlango kwa mlango. Walikuja Oman miaka ile ile, wakaolewa mtaa huo huo, na kila mmoja alimpeleka mwenzake hospitali kujifungua. Alileta sahani ya ukingo wa kijani. Bi Khamisa alipoigeuza kuipaka saruji akaona chini nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Ilikuwa nukta yake. Sahani ilikuwa ya seti ya harusi yake, iliyopungua moja miaka mingi iliyopita, na msichana wa kazi wa wakati ule alilaumiwa kuivunja; sasa ndipo alipokumbuka ilikokwenda. Alimtazama Turkiya. Turkiya alikuwa akimtania fundi, hana habari. Bi Khamisa angesema neno, lakini nyuma ya Turkiya safu ya wanawake ilikuwa ndefu, na kila mmoja angegeuza sahani yake kutazama chini, na ukuta ungefia pale pale. Akaipaka saruji. "Ahsante, shoga yangu," akamwambia, na Turkiya akaibandika.

Ukuta ulipokauka ulipendeza. Kila mtu alikiri hivyo. Maua, majogoo, mistari ya buluu, jua likipiga unawaka. Majiko ya mishkaki yalisogezwa mbali, na mwanamume mmoja alionekana, kwa macho ya watu, akiokota mkaa wake mwenyewe. Bi Khamisa aliingia jikoni kwake akalia kidogo kwa furaha. Ndiyo starehe pekee aliyoipata katika jambo zima, na haikudumu.

Jioni moja Turkiya alisimama mbele ya ukuta, akainama, akavaa miwani. Kidole chake kiliganda kwenye sahani ya waridi aliyoileta Balqis, mwanamke kijana wa nyumba ya pembeni.

"Balqis. Sahani hii umeitoa wapi?"

"Shikamoo, Bi Turkiya. Kwetu. Ilikuwa ya mama."

"Ya mama yako? Mama yako nilimpelekea vitumbua ndani yake alipofiwa. Nasubiri sahani yangu mpaka leo."

"Waridi kama hizi ziko kila nyumba, Bi Turkiya."

"Basi tuitoe tutazame chini. Nimeandika herufi tee."

Maneno hayo yalikwenda mtaani kama moto wa makuti. Wanawake walitoka na miwani zao. Dalal, jirani mwingine, akaiona ya kwake katika ile aliyoileta mtu wa nyumba ya nne, na wa nyumba ya nne akaiona yake juu kabisa, na kila mmoja aliapa kwa Mungu, na hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu alama zote zilikuwa zimetazama ndani, zimefunikwa na saruji. Kuitoa sahani ni kuivunja. Bi Khamisa alikwenda nyumba hadi nyumba kutuliza. Alinyweshwa kahawa na akapewa lawama. Kila mmoja alilalamika kwamba ameibiwa, na hapakuwa na hata mmoja aliyeiba.

"Mama, sahani ni kitu rahisi," alisema Alyaa, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nanunua mpya, nampa kila mtu, khalas."

"Si sahani, mwanangu."

"Basi nini?"

Bi Khamisa alikuwa na hasira na Balqis kwa kusema uongo, na Turkiya kwa makelele, na mtaa mzima kwa kuweza kuacha taka zizagae miaka na miaka bila ya neno halafu wakapandwa na wazimu kwa kisahani cha kulia maandazi. Na hasira iliyomchoma zaidi ilikuwa ya Turkiya kusimama kila jioni pale bustanini akihubiri juu ya watu wasiorudisha vyombo vya wenzao. Nyani haoni kundule. Mara ngapi Bi Khamisa alifungua mdomo akaufunga.

Siku ya Humaid kuja kuukagua ukuta na kuupitisha, wanawake walikuwa wamefika kabla yake. Turkiya alikuja na patasi na nyundo.

"Mwambieni huyu kijana," alisema, "kwamba humu mna vitu vya wizi. Ama naitoa yangu leo, ama wapige plasta wote uishe."

Alisema kwa Kiswahili, na Humaid, ambaye hakijui, alisimama akingoja afasiriwe. Alimtazama Bi Khamisa. Na Bi Khamisa aliutazama ukuta wake, akauona tayari mweupe, na majina ya timu za mpira juu yake.

"Turkiya," akasema, bila ya Bi wala shoga. "Ile ya ukingo wa kijani uliyoileta wewe. Ni ya nani?"

"Yangu."

"Chini yake ina nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Nimeitia mimi. Ni ya harusi yangu, na ilikuja kwako na biriani ya akika ya mwanao wa kwanza."

Turkiya aliitazama sahani, na uso wake ulionyesha kwamba ameikumbuka biriani.

"Umeijua lini?"

"Siku uliyoileta."

"Ukaipokea mkononi mwangu. Ukaniambia ahsante."

"Ndiyo."

"Ungenivuta pembeni ukaniambia, tungecheka mimi na wewe, na jioni ningekupikia kombe zima la wali nikurudishie sahani kwa adabu. Wewe umeiweka moyoni. Umeikalia mpaka umenipata mbele za watu."

Bi Khamisa alitaka kusema kwamba sivyo, kwamba alinyamaza kwa ajili ya ukuta. Lakini na leo pia alikuwa amesema kwa ajili ya ukuta, na hilo halikuwa jawabu la kumpa mtu aliyekushika mkono ukijifungua. Turkiya aliiweka patasi na nyundo juu ya benchi, taratibu, akavuta baibui lake akaondoka.

Humaid akauliza kwa Kiarabu kama kuna mwenye lalamiko. Hakuna aliyejibu. Nani angethubutu, na kila mmoja anajiuliza Bi Khamisa aliona nini chini ya sahani yake? Kijana alifurahi, akawashukuru kwa kuwa kitu kimoja, akapiga picha, akaenda zake.

Ukuta ukabaki. Wageni wanaoshuka Al Mintirib kwenda kuona mchanga wa jangwani husimama kuupiga picha, watoto hufundishwa wasiupige mpira, na bustani sasa ni safi kuliko sebule za watu. Alichokitaka Bi Khamisa alikipata chote. Jioni hukaa kwenye benchi peke yake. Wanaopita humwamkia, humuuliza hali, husema wana haraka.

Ramadhani ilipoingia alipika tangu adhuhuri. Kaimati, katlesi, tambi za nazi. Alitoa sahani zake nzuri, zile zilizobaki za seti ya harusi, akazijaza, akamtuma Alyaa nyumba zote, na nyumba ya Turkiya aliitanguliza. Karibu na magharibi kengele ya mlango ikaanza kulia. Sambusa za Turkiya zilikuwa za kwanza kufika, zimeletwa na msichana wake wa kazi, moto, nzuri kama siku zote. Zilikuwa ndani ya chombo cha bati jepesi, kile cha kutumia mara moja ukatupa. Za Balqis zikaja katika chombo kama hicho. Na za Dalal. Nyumba zote, kana kwamba wamekwenda duka moja.

Ilimuuma, wallahi ilimuuma, akafuturu kwa tende na maji tu. Walipomaliza kusali kengele ikalia tena, na tena. Sahani zake zilikuwa zinarudi, usiku ule ule, zimeoshwa, zimepanguswa, tupu. Alizihesabu kabla ya kuzipanga kabatini. Haikukosekana hata moja.