Goti la Mzee na Msimu wa Ubingwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa namtunza mzee mmoja wa Kimarekani katika mji wa Laurel, Marekani. Alishapita miaka tisini, goti lake la kulia halikunjiki, na mimi ndiye niliyemwogesha, nikampikia na kumwendesha kwa gari alikotaka. Nilimwita Mzee. Akalipenda jina hilo, akawa anajitambulisha nalo hata kwa daktari.

Ujanani, kati ya vile vita viwili vya dunia, alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, wakati ligi yao ya taifa ingali changa. Siku za kazi walikuwa viwandani, Jumapili wakaingia uwanjani na kofia za ngozi. Timu yake iliongoza msimu mzima. Mechi moja kabla ya ile ya mwisho, mchezaji wa upande wa pili akamwangukia gotini. Wenzake walitwaa ubingwa yeye akiwa amelazwa, na hakucheza tena.

"Alikusudia," aliniambia kila nilipomchua lile goti. "Niliyaona macho yake."

Mwaka mmoja, majani yakianza kupukutika, binti yake akapata habari kwamba yule aliyemwangukia yu hai, yuko kwenye nyumba ya wazee katika mji wa Temple Hills. Nilidhani Mzee atakataa kwenda. Akaniomba nimnyoe ndevu.

Nikamwendesha mpaka huko. Mlangoni tulipokelewa na mhudumu, mama wa Kikongo. Aliponisikia nikimwita Mzee, akanigeukia kwa Kiswahili cha kwao: "Karibuni, dada. Anabangojea tangu asubui, hata chai alikataa."

Mwenyeji wetu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, blanketi mapajani. Mzee hakumpa mkono.

"Ulikusudia," alisema.

"Niliteleza. Uwanja ulikuwa tope tupu." Yule mtu alijivutia blanketi. "Kesho yake nilikuja hospitali. Nesi akaniambia hutaki kuniona."

"Mimi ndiye niliyemwagiza," Mzee alisema.

"Nilikuletea machungwa. Nikayala yote kwenye treni, nikaumwa tumbo."

Mzee akacheka. Nikamsogezea kiti, akaketi.

"Ile mechi yetu ya mwisho," aliuliza, "uliiona?"

"Nilikwenda kuitazama."

"Nisimulie."

Wenzake walipomletea habari hizo wodini, zamani zile, aligeukia ukutani, kwa hiyo sasa alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza. Aliuliza nani alikimbia upande wake, upepo ulivuma kutoka wapi, na watu walishangilia vipi. Tulipoondoka walipeana mikono, na wiki iliyofuata tukarudi.

Tuliendelea hivyo mpaka theluji ilipoanza, ndipo binti wa Mzee akatupigia simu kwamba yule mtu amefariki. Mzee alisimama kaburini akiniegemea, baridi ikimtoa machozi, au si baridi. Baadaye jamaa walitukaribisha chakula, na mjukuu mmoja akamwuliza babu yao alikuwa mchezaji wa namna gani.

"Mgumu," Mzee alimwambia. "Hakuna aliyetamani kukutana naye uwanjani."

Kisha akala, akashiba, akaomba tufungiwe na cha nyumbani.