Waliosimama Pembeni ya Picha

Lenzi ilikuja na basi kutoka Arusha, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Alinitumia mpiga picha mwenzangu aliyekuwa ameachana na kazi hii. Ilikuwa ya chuma tupu, nzito, na haina mota ndani. Ukitaka picha itulie unazungusha pete yake kwa vidole mpaka jicho lako liridhike. Ni lenzi pana, inakusanya chumba kizima ukuta kwa ukuta, na tundu lake linafunguka sana hata unaweza kupiga ndani ya nyumba yenye dirisha moja bila flashi. Flashi siipendi. Inawapausha watu wetu wakaonekana wametoka kuugua.

Nimepiga picha Singida muda mrefu kiasi kwamba nimepiga mabibi harusi ambao mama zao pia niliwapiga wakiolewa. Kwa hiyo sikuona haja ya kuifanyia lenzi majaribio ya kitaalamu. Niliamua tu kutembea nayo. Nilimpiga mume wangu akinyoa ndevu uani. Nilipiga kuku waliofungwa miguu chini ya meza sokoni, na mama anayechagua vitunguu kwenye kibanda chenye giza. Tundu likiwa wazi lote, sehemu inayotoka safi ni nyembamba kama chapati. Mtu akipumua tu, pua inakuwa safi na macho yanazama kwenye ukungu. Mimi nilikuwa napata macho kila mara. Nilijisifu mwenyewe, maana mume wangu si mtu wa kusifu.

Kisha akaja bibi jirani. Kwa umri ndiye mkubwa kuliko wote mtaani kwetu Mwankoko. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Nimekuja kukuuliza kwa mdomo wangu," alisema. "Nimekukosea nini?"

"Shikamoo bibi. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Hiyo ya leo nimeipokea. Ya juzi pale bombani iko wapi? Umenipita kama jiwe. Na si mimi tu. Watu wanasema tangu upate hiyo kamera yako mpya, wazee tumekuwa takataka."

Damu ilinichemka. Kwetu mtoto hajajua hata kuvaa viatu anajua kuinama na kusema shikamoo, na mimi mtu mzima naambiwa nimewanyima wazee salamu! Nilimwambia sijawahi kumpita mzee maishani mwangu. Nikaongeza kwamba labda alimwona mtu mwingine, macho ya uzeeni hayaaminiki. Alinitazama, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo, bado nimenuna, nilikaa kwenye kompyuta kuikagua lenzi. Lenzi pana huitazami katikati, unaitazama pembeni, maana ndiko lenzi dhaifu zinakovuruga. Nikafungua picha ya bombani na kuivuta pembe moja moja. Katikati mama mmoja alikuwa anajitwika ndoo, tone la maji limeganda kwenye nyusi zake, safi kabisa. Na kushoto, ukingoni kabisa, amerefushwa kidogo kama lenzi hizi zinavyowafanyia watu wa pembeni, alisimama bibi jirani. Alikuwa amenigeukia na mkono ameutoa mbele kidogo. Alikuwa anasubiri kusalimiwa.

Sikumkumbuka. Nilijaribu, sikumkumbuka hata kivuli chake. Nikafungua picha za sokoni. Kushoto alikuwepo katekista mstaafu wa parokia yetu, amenyanyua mkono. Picha ya stendi, kushoto, wifi yangu alikuwa ananichekea. Picha baada ya picha, upande ule ule, watu wananisubiri.

Nilimwita mume wangu, nikamwambia asimame mlangoni. Niliweka jicho kwenye kamera nikazungusha pete mpaka akatulia. Nikamwambia asogee taratibu kushoto kwangu, akae ndani ya picha asitoke. Alisogea, akatoweka.

"Umeenda wapi?"

"Nimesimama hapa."

Nilibonyeza. Kwenye kioo cha kamera alikuwepo, mzima, mikono kiunoni, ananishangaa. Nilimwambia lenzi ina hitilafu. Niliogopa kusema kitu kingine.

Niliogopa kwa sababu ya baba. Baba yangu yuko Ilongero na haoni. Ilianza mwaka alioezeka nyumba kwa bati baada ya alizeti kumkubali. Akawa anawapita watu kisimani pa ng'ombe bila neno, wazee wenzake wamesimama. Walisema bati limempanda kichwani. Wakamnunia. Siku daktari aliposema ni presha ya macho, kwamba inakula kuanzia pembeni na ilichokula hakirudi, hapakuwa tena na mtu wa kuja kumsaidia kuvuna.

Jumapili nilichukua bodaboda nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa ndani karibu na dirisha. Nilimsalimia, nikamwambia nataka kumpiga picha, ageuze uso kwenye mwanga. Aligeuza. Nilipoanza kuzungusha pete aliinua sikio.

"Hii hailii kama ile yako."

"Hii inazungushwa kwa mkono, baba."

"Sasa faida yake nini?"

"Inaona pana."

Alicheka kidogo. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia nililokuja nalo, nikamletea kama umbea wa mjini. Nikamwambia kuna bibi kizee jirani anazunguka mtaani akisema siku hizi naringa, eti simsalimii. Nilidhani atacheka tena.

Hakucheka. Alinyoosha mkono kunitafuta, akagusa kamera kwanza, kisha shavu langu. Mkono ukakaa hapo.

"Huwa anasimama upande gani?" aliuliza.

Nilijua nikidanganya atajua. "Kushoto, baba."

Nilianza kulia, na yeye hakuniambia ninyamaze.

"Kesho uende hospitali," alisema baadaye. "Wewe umewahi, labda watakuokolea kilichobaki. Lakini leo ukirudi anza kwa huyo bibi. Mweleze."

"Nitamweleza."

"Leo, nimesema. Nenda wakati bado unaweza kwenda mwenyewe. Mimi nilipokwenda kuwaeleza wenzangu nilikuwa nashikwa mkono, wakadhani nimekuja kuomba."