Wanja Niliofuta

Sikatai, mwanga ulikuwa mzuri, lakini usiniambie zile ni picha nzuri. Kila mwezi nilitoka Mikumi kwenda Kilosa kumpiga picha mtoto wa dada yangu. Nilimlaza kwenye kanga karibu na mlango, nikalala kifudifudi ili simu iwe usawa wa macho yake. Hakuna aliyenifundisha. Mama yetu alikuwa anampaka wanja mzito kwenye nyusi na doa jeusi kwenye paji la uso, asipatwe na kijicho. Mimi nikirudi nyumbani nalifuta doa kwa simu, nalainisha na nyusi, halafu picha ya kwanza, ile yenye wanja, naitupa, maana simu ilikuwa inajaa.

Kabla hajafikisha miezi minane, homa ikamchukua. Juzi dada kaziangalia zote saba. "Kaka, huyu wa nani? Mwanangu hakuwa hivi. Wanja wa mama uko wapi?"

Nikamfokea: "Nani mwingine alimpiga picha? Nani?"

Akanirudishia simu, hata hakulia. Bado naenda kwake kila mwezi, na sijamwambia kuwa zile za kwanza sina tena. Ungekuwa wewe, ungemwambia?