Kuchi wa Baba

Mwaka jana nilikwenda Nachingwea kwenye msiba, na asubuhi ya kuondoka nikapita sokoni kutafuta ufuta. Kijana mmoja alikuwa amesimama na jogoo kwapani. Miguu mirefu ya manjano, shingo ndefu, macho meupe, kifua chekundu kisicho na manyoya. Nikasimama.

"Mama, huyu ni kuchi," akaniambia, akidhani simjui.

Nilicheka, halafu nikaona afadhali niondoke kabla sijajiaibisha mbele za watu. Ngoja nikusimulie, maana walionijua wakati ule wamekwisha.

Mama yangu alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake. Wazungu walipokuja kufyeka pori la Nachingwea ili walime karanga, baba alipata kazi ya kuendesha trekta, akanichukua nikakae naye kambini kwenye chumba cha bati. Wenzake wengi waliacha familia zao vijijini. Watoto tulikuwa wachache, na mimi ndiye msichana peke yangu upande ule. Kutwa nilisikia mashine zikinguruma na miti ikianguka, mpaka jioni baba arudi amekuwa mwekundu kwa vumbi, ale ugali wa mtama na kisamvu, alale.

Siku moja alirudi kutoka Lindi na tenga. Ndani mlikuwa na jogoo na tetea wa kuchi, aliowapata kwa fundi cherehani wa Kihindi aliyekuwa anahama. Akaniambia kuku hawa asili yao ni huko Asia, kwamba walivuka bahari zamani na huku kwetu bara ni adimu. Tangu siku ile nyumba yetu ilipata mazungumzo. Baba ambaye hakuwa msemaji alikaa kizingitini kila jioni akimpaka jogoo mafuta ya ufuta miguuni, akinieleza kwa nini shingo isimame hivi na mkia ulale vile. Mimi nilikaa karibu nikisikiliza. Nilikuwa sisikilizi habari za mkia. Nilikuwa nasikiliza sauti yake.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafutia mchwa wa kula. Unachukua chungu kibovu, unakijaza mavi ya ng'ombe na mabua makavu, unakifudikiza juu ya njia ya mchwa. Asubuhi unakifunua kimejaa. Tetea wa kuchi ni mzito na anavunja mayai yake, kwa hiyo tuliyaatamisha kwa kuku wa kienyeji, na vifaranga walipototolewa niliwalisha kwa mkono wangu.

Madereva wenzake walimsumbua sana wapiganishe majogoo.

"Huyu simfugi apigane," baba aliwajibu. "Namfuga nimwangalie."

Kisha kazi ya karanga ikafa. Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine, watu wakafunga mizigo. Baba akanipeleka Mandawa kwa bibi, mama yake, pamoja na kuku wote.

"Nakwenda Mtwara kutafuta kazi," akaniambia. "Wewe nitunzie hawa. Usiwaache wakachanganyika na wa kienyeji. Nikipata nyumba nitakuja kukuchukua."

Nilimwamini. Kwa bibi nilipika makopa ya muhogo, nikatwanga, nikaokota korosho, lakini moyo wangu ulikuwa bandani. Watoto wa pale walikuwa wamekwisha zoeana tangu utotoni, na Kimwera changu cha kambini kiliwachekesha. Nilizoea kuongea na jogoo. Nikifika tu na mtama kiganjani, alikuja kwa madaha na kudonoa polepole bila kuniumiza. Kwa mtu mwingine hakula hivyo.

Ukaja mdondo. Kuku wa kijiji walianza kupinda shingo na kuhara kijani, na kila asubuhi palikuwa na mizoga. Tetea wa kuchi akafa, kisha vifaranga wakubwa. Bibi hakuwa na mapenzi na kuku hao, alikuwa akisema wanakula kama watu na mayai hawatagi, lakini aliponiona nimekaa nimemkumbatia jogoo aliyebaki, alichukua jembe na mkeka.

"Twende shambani," akasema. "Huko hakuna kuku wa mtu."

Tukahamia kwenye kibanda cha kulindia mazao yasiliwe na nguruwe, upande wa mto Mbwemkuru, mpaka ugonjwa ulipopita. Yule jogoo akapona. Tuliporudi, kijiji kizima hapakuwika jogoo ila yeye.

Baba akaja msimu wa mabibo, juu ya lori. Nilikimbia nikiwa nimembeba jogoo, nimuonyeshe kwamba nimetunza. Baba alimpokea, akamkagua kifua, akamnyoosha bawa, macho yake yaking'aa kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Akanishika kichwa.

"Umeniokolea, mwanangu. Kuna mtu Mtwara ana tetea wa damu hii hii. Nitampeleka."

"Na mimi?"

"Bado nalala chumba kimoja na wenzangu, wanaume watupu. Nikipata nyumba, inshallah."

Bibi alikuwa anachambua mboga. Akaweka ungo chini.

"Jogoo unamchukua, mtoto unamwacha?"

Baba alinawa mikono. Alikaa na chakula mbele yake bila kukigusa, lakini lori lilipopiga honi aliinuka na tenga lake. Nilibaki barabarani mpaka vumbi likatulia. Majirani walisema namlilia baba. Niliwaambia hapana, namlilia jogoo, na nililishikilia neno hilo kwa miaka mingi.

Nyumba hakuipata, au aliipata ikajaa wengine. Alituma kanga na sukari kwa watu wanaopita Ruangwa. Nilimwona tena siku ya arusi yangu, nywele zimeanza mvi. Watu walipopungua nilimuuliza habari za kuchi.

"Alikufa wiki ile ile niliyomchukua," akasema. "Alikataa kula. Nilimbembeleza, nikamtafutia mchwa, akakataa kabisa." Akatazama mikono yake. "Ningejua ningekuchukua wewe."

Sikumdai neno lingine. Nilimmiminia chai, akanywa, tukakaa hivyo mpaka walipokuja kuniita.

Leo ile reli Wazungu waliyoijenga Nachingwea kubebea karanga imekwisha ng'olewa, kambi imerudi kuwa pori na mashamba, na baba na bibi wote tumewazika Mandawa. Nimezaa, nimelea, nyumba yangu haikosi watu. Lakini lile neno lake la siku ya arusi sijapata kumwambia mtu. Hulisema peke yangu nikiwa jikoni, kwa sauti yake, polepole, ili nisije nikalisahau.