Alama ya Kauri Shavuni mwa Letisia

Letisia wa Jorodom ana alama shavuni: duara dogo lililorefuka, katikati lina mpasuo wenye meno. Wageni hudhani ni chale za urembo. Urembo gani! Ni kipigo.

Mwaka 2003, Manyara ikiwa bado mkoa mchanga na soko huria limeshafika mpaka mnada wa Katesh, Letisia alikuwa ndani na kichanga wa siku tisa. Kiunoni alivaa mkanda wa ngozi wa marehemu mama yake, umeshonewa kauri kumi na tisa, midomo nje. Mama naye aliambiwa na mchuuzi wa Tanga kwamba kauri ni nyumba ya konokono mdogo wa baharini. Huishi kwenye matumbawe, mchana kajibanza chini ya mawe. Akitoka kutafuta chakula, huifunika nyumba yake kwa nyama yake mwenyewe, kushoto na kulia, ndiyo maana haikwaruziki.

"Hata huko majini," mama alikuwa akisema, "mwenye nyumba huilinda kwa mwili wake."

Mumewe, Gidabuday, hakuwa na habari na konokono. Mnadani alikutana na mnunuzi wa vitu vya kale, akaahidiwa simu ya mkononi kwa mkanda ule. Simu, na mtandao wenyewe mpaka upande kilimani! Alasiri hiyo akaingia mpaka kwa mzazi, mahali ambapo mwanamume wa kwao hakanyagi kabla mtoto hajatolewa nje.

"Vua."

"Huu ni wa mama. Siutoi."

Akamkaba koo, akaukata mkanda kwa kisu. Letisia akamng'ata mkono hadi damu. Ndipo mume akaukunja mkanda ule ule, akamchapa nao usoni mara tatu. Jino likaruka. Mtoto akalia, baba mtu akatoka na mkanda chini ya shuka lake.

Letisia aliogopa jambo moja kuliko maumivu: kutoaminiwa. Shahidi wake alikuwa na siku tisa duniani.

Kesho yake wanawake wakajaa uani kuhukumu, kama ilivyo desturi yao mwanamume akimvamia mzazi, mbele yao mama mzazi wa Gidabuday.

"Sikuingia, mama," Gidabuday akaapa. "Aliangukia jiwe la kusagia."

"Na huo mkono?"

"Mbwa."

Mama yake hakubishana. Aliingia ndani, akaokota sakafuni kauri moja iliyochomoka, akaiweka kwenye shavu lililovimba. Mdomo ukaingia kwenye mdomo, meno kwenye meno. Akatoka nayo ina damu.

"Jiwe la kusagia halina meno," akamwambia mwanawe. "Lete dume jeusi."

Hilo ndilo dume la ng'ombe ambalo Gidabuday alilitungia nyimbo.

"Mama, huyo hapana! Chukua mwingine yeyote!"

"Mkeo aliposema hapana, ulisikia?"

Wanawake wakalizunguka kwa fimbo, maana faini yao ni dume linalouawa kwa kupigwa. Lilipiga magoti, likainuka, likapiga magoti tena, na fimbo hazikukoma mpaka lilipotulia. Gidabuday alisimamishwa atazame mpaka mwisho, analia kama mfiwa. Nyuma ya ukuta Letisia alisikia kila pigo. Tusimpambe: alifurahi, akatamani fimbo mojawapo iwe yake.

Kabla jua halijatua mkanda ulirudi. Kauri ya kumi na tisa Letisia aliishona mwenyewe, bila kuiosha.

Leo Gidabuday ni mzee mwenye simu mbili. Lakini akifika kwenye mlango wa mkewe hukohoa, akasimama nje, akangoja aitwe. Siku nyingine haitwi.