Matobolwa Juu ya Mfuniko

Nyumba yetu iko ukingoni mwa mji wa Tabora, mahali ambapo bomba la maji safi limefika lakini mtaro wa maji taka haujafika. Kwa hiyo nilipojenga nilichimba tanki la vyumba viwili nyuma ya jiko, na mbele yake shimo lililojazwa mawe, la kufyonza maji yanayotoka humo. Sikusomea kazi hiyo. Nilinunua kitabu chakavu cha ujenzi sokoni, nikakisoma mara tatu, kisha nikamfuata fundi mmoja wiki nzima kwa maswali mpaka akaniomba nimwache ale.

Nilijifunza mapema kwamba tanki halihitaji miujiza. Jirani yangu humwagia lake maji ya betri, mwingine chumvi ya mawe. Mimi simwagi kitu. Kila baada ya miezi sita nafungua mfuniko, nazamisha mwanzi niliouzungushia kitambaa cheupe, kisha nausoma unene wa tope kwenye alama nyeusi inayobaki. Kingo za mfuniko naziziba kwa udongo wa kichuguu badala ya saruji. Hautoi harufu, na siku ya kufungua unaugonga kidogo tu.

Mwaka huu hesabu yangu ilikosea. Mimi na mke wangu tulikuwa na watoto wawili wakubwa na tumeshasahau nepi, ndipo akaja wa mwisho. Nyuma yake wakaja kwa treni kutoka Igalula mama mkwe wangu na wadogo zake wawili, kumtunza mzazi hadi arobaini. Watu wanne tukawa wanane, na maji ya kufulia nepi juu yake. Wiki ya pili maji ya chooni yakaanza kushuka polepole, yakinguruma. Nikapima. Tope lilikuwa limebakiza chini ya shibiri moja kufikia bomba la kutokea.

Jambo hili halikuwa dogo. Mama mkwe hakuwahi kukiamini choo cha ndani. "Mnajisaidia chini ya paa mnalolalia?" alimuuliza binti yake siku ya kwanza. Alikubali kujaribu. Kingefurika hata mara moja, angefunga mizigo arudi kwake, na mke wangu, aliyejifungua kwa shida, alimhitaji mama yake kuliko alivyonihitaji mimi.

Na mimi sikuweza kumweleza. Kwa watu wetu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja, na tukisalimiana kila mtu anatazama upande wake. Wengi mjini wameiacha desturi hiyo. Yeye hakuiacha, nami kwa heshima yake sikuiacha. Kati ya mambo yote ambayo mkwe hawezi kumwambia mama mkwe, choo ndicho cha kwanza.

Nikapanga kimyakimya. Nilimpigia simu dereva wa gari la kunyonya maji taka, akasema atakuja Alhamisi saa nne, maana Ijumaa anakwenda Nzega kwa kazi ya wiki mbili. Asubuhi hiyo mke wangu angempeleka mtoto kliniki pamoja na wageni wote. Wakirudi, kazi imekwisha, hakuna aliyeona kitu.

Walitoka, ila mama mkwe magoti yalimuuma akabaki. Nilikwenda barabarani kumwonyesha dereva njia, na niliporudi nikamkuta ametandika mkeka na kuanika matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyochemshwa. Alikuwa amechagua mahali palipoinuka, pasipo na mchanga, penye jua la kutosha. Alikuwa amechagua mfuniko wa tanki.

Nilikohoa. Akanipa mgongo, kama inavyopasa, akaendelea kuanika.

Dereva alishuka akivaa glavu, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma. "Mfuniko uko wapi, kaka?"

"Pale."

"Pale penye chakula?"

"Pale pale."

"Basi mwambie mama asogeze."

"Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

Akanitazama, akamtazama. "Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Uso ukamng'aa. "Niachie mimi. Mimi Mzaramo."

Nilishusha pumzi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na mizigo mabegani wakipita kwenye vijiji vya babu zao. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nimenyonya vyoo nchi nzima, lakini ni Wanyamwezi tu niliowakuta wanaandaa vitafunio juu ya choo."

Mikono yake ikasimama. "Choo gani?"

"Hicho ulichokitandikia mkeka."

Nilifumba macho.

"Wewe kabila gani?" akauliza.

"Mzaramo."

"Nilijua! Mzaramo na kazi wapi na wapi? Wenzako wako ngomani, wewe umepotea njia ukaangukia mavi."

"Ya kwenu hayo, mama. Babu zenu walibeba mizigo mpaka pwani. Leo zamu yetu kuwabebea."

Mama mkwe akacheka. Miaka kumi na tisa nimemwoa binti yake, sikuwahi kusikia kicheko chake. Akakunja mkeka mwenyewe.

Mpira wa kunyonyea uliposhushwa tankini, nilimwambia dereva abakize tope kidogo chini.

"Wateja wengine wanataka niwasafishe mpaka roho," akanung'unika, "huyu anataka akiba."

Mama mkwe, mgongo bado kwetu, akasema, "Muulize mwenye nyumba kwa nini usimalize."

"Mama anauliza kwa nini nisimalize," dereva akaniambia, naye yuko hatua mbili kutoka kwa kila mmoja wetu.

"Mwambie ndani yake mna vijidudu vinavyoanzisha kazi upya."

"Kama chachu ya pombe," akasema mama mkwe.

"Mwambie ndivyo hasa." Kitabu changu kilitumia kurasa nne kueleza hilo.

Akauweka mkeka chini. "Muulize, limejaa kwa sababu yetu?"

Hili nililijibu taratibu. "Mwambie nililipima kwa watu wanne. Kosa ni la kipimo, si la wageni."

"Anasema mnakula sana," dereva akafikisha, "lakini mbaki."

"Mwongo wewe Mzaramo!"

Dereva akaondoka na matobolwa mfuko mzima, bila kuomba, kama haki ya mtani. Mimi nikachanganya udongo wa kichuguu, nikaziba kingo. Nikasikia maji yakimwagwa chooni, yakashuka mara moja bila kunguruma. Mama mkwe akatoka, akasimama mlangoni. Mjumbe wetu alikuwa ameshakwenda. Akatazama huku na huku, akawaona kuku wakiparua karibu na jiko.

"Nyie kuku," akasema, "mwambieni mwenye nyumba maji yanashuka vizuri. Na mwambieni gunia moja la viazi bado halijamenywa, kwa hiyo atafute mahali pengine pa kuanikia."

Nikawaambia kuku nimesikia.